Uvuvi Tulioachiwa na Wazee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Tumeombwa kusema machache juu ya uvuvi, nasi twashukuru. Huenda mtu akauliza, Chama cha wafanya kazi kina shauri gani na samaki? Tazameni tulioketi humu. Wa bandarini, wa reli, makarani, wa viwandani, wengi wetu tumetoka katika nyumba za wavuvi, na siku ya Jumapili mwajua wenyewe ni mishipi mingapi itupwayo kule Dunga.

Mapenzi haya mtu huyapata angali mdogo. Mtoto huanza na kopo, kazi yake kuchota maji yaingiayo mtumbwini. Akikua hupewa kasia, kisha hufundishwa kushona wavu uliochanika, na hapo ndipo babu humsimulia mambo ya upepo na ya miamba iliyo chini ya maji. Mama naye humfundisha kumjua samaki wa leo na wa jana kwa kumtazama shavu. Mtu aliyelelewa hivyo, hata akifanya kazi ya kalamu miaka thelathini, akisikia harufu ya ziwa asubuhi moyo humwenda mbio.

Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, wazee walivua kwa vitu vya porini: mafunjo, matete na fito. Katika mito kama Nyando, Sondu na Nzoia walijenga uzio wa kuziba maji, ndio kek, wakatega migono katika nafasi zake. Mvua zikinyesha, ningu walipanda mito kwenda kuzaa, na watu wakala wakashiba. Kazi ile ilitaka mikono mingi, basi mjomba, shemeji na mpwa wote walikuwapo.

Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega, za uzi wa kitani. Ngege alipatikana kwa wingi, na reli ikawa tayari kumchukua. Lakini Bwana Michael Graham alipolichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, aliona ngege wamekwisha pungua katika Ghuba yetu, akashauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, na matundu yakazidi kuwa madogo. Ningu naye alingojewa midomoni mwa mito, akanaswa na mayai yake tumboni.

Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Viwanda vikajengwa, watu wakapata kazi, hilo hatulikatai. Minofu ilikwenda Ulaya, na kwetu sokoni kikabaki kile kiunzi kiitwacho mgongo wazi. (Kitamu kikikaangwa vizuri, lakini ni mifupa.)

Ngege wa babu zetu sasa ni adimu mno katika ziwa kubwa. Bado yupo katika ziwa dogo la Kanyaboli, huko Siaya. Samaki tumwitaye ngege leo mezani ni mgeni aliyeletwa katika miaka ile ile ya 1950, ambaye wavuvi humwita nyamami. Watoto wetu wamerithi jina la ngege, samaki mwenyewe hawamjui.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Vijana wengi walioko ziwani usiku huu na taa zao, wakivua omena, hawana mtumbwi wala wavu. Mwenye chombo yuko mjini, na mara nyingi ni mtu wa mshahara kama sisi. Kijana hawezi kuchagua tundu la wavu ambao si wake. Achaguaye ni yule atoaye fedha dukani. Wavu wa tundu dogo hukamata samaki ambaye hajazaa hata mara moja, na aulipiaye ni mpwa wako, miaka mitano baadaye.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kwanza, mwanachama atakaye kununua wavu aende kwanza kwa kamati ya ufuo, iitwayo BMU, aulize kipimo kinachoruhusiwa, wala asimwachie mwenye duka kumwamulia. Pili, fungu la mabaharia lipatanwe kabla chombo hakijaondoka, na gharama za mafuta na taa zitajwe mbele yao. Sisi tudaio hati ya mshahara kwa mwajiri tutamnyimaje hesabu kijana atuvuliaye?

Wenye vyombo walio humu wabaki kidogo baada ya mkutano. Katibu ataandika majina, na kipimo cha kila wavu kando yake.