Kinu cha Mifupa cha Andover

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Leo nataka niwaeleze habari za kinu. Huko Uingereza zamani vilikuwapo vinu vya kusaga ngano vilivyozungushwa na upepo au maji. Lakini hiki ninachokisema kilikuwa katika nyumba ya maskini ya mji wa Andover, jimbo la Hampshire, na hakikungoja upepo. Nguvu yake ilikuwa mikono ya watu wenye njaa.

Kwanza mfahamu nyumba hizo zilitoka wapi. Mwaka 1830 vibarua wa mashamba ya kusini ya Uingereza walichoshwa na mshahara mdogo, wakavunja mashini za kupura ngano ambazo ziliwanyang'anya kazi ya miezi ya baridi. Karibu na Andover walivunja hata kiwanda cha vyuma. Mwezi wa Machi 1834, vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia miaka saba, kwa sababu ya kiapo cha chama chao. Mshahara wao ulikuwa shilingi 7 kwa juma, na matajiri walitaka kuushusha uwe 6.

Mwaka huo huo wa 1834 Bunge lilipitisha sheria mpya ya maskini. Vijiji viliunganishwa, na kila muungano ukajenga nyumba moja. (Muungano huo uliitwa kwa Kiingereza neno lile lile wanaloliita chama cha wafanya kazi. Ajabu, sivyo?) Sheria ilikusudia kwamba mtu mwenye nguvu asipewe msaada nje ya nyumba hiyo, na maisha ya humo yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa. Mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi. Basi kibarua aliyeiogopa nyumba hiyo alikubali mshahara wo wote.

Nyumba ya Andover ilisimamiwa na Colin M'Dougal, askari wa zamani. Kazi ya wanaume na wavulana ilikuwa kuponda mifupa, na unga wake uliuzwa kwa wakulima kuwa mbolea. Kilikuwa kinu na mchi hasa, kama vya mama zetu, ila mchi wenyewe ulikuwa wa chuma, uzito wake ratili 28. Vipande viliruka vikakata nyuso, na harufu ilikuwa mbaya mno.

Na posho? Ilikuwa haba, tena ikapunjwa. Ikawa mifupa mipya inapoletwa, watu waliigombania, wakaificha wasionekane na wenzao, wakanyonya uboho na kutafuna nyama iliyosalia, hata kama imeoza. Watu hao ndio waliokuwa wakivuna ngano ya Hampshire.

Mjumbe mmoja wa halmashauri ya nyumba hiyo, mkulima Hugh Mundy, alisikia habari hizi akawaeleza wenzake. Walikata shauri la kusimamisha kazi ya mifupa wakati wa joto tu! Mundy hakunyamaza. Alimwendea Mbunge Thomas Wakley, mganga kwa kazi yake, naye akalisimamisha jambo hilo Bungeni mwezi wa Agosti 1845. Magazeti yakalipokea. M'Dougal akajiuzulu, na kuponda mifupa kukakatazwa katika nyumba zote.

Makamishna wakubwa wa London walitafuta wa kubebeshwa lawama, wakamlazimisha Henry Parker, mkaguzi wao, aache kazi. Mwaka 1846 kamati ya Bunge iliwahoji mashahidi wengi, wakiwamo maskini wenyewe, na ripoti yake iliwalaumu makamishna hao. Mwaka 1847 tume yao ilivunjwa, ikawekwa bodi mpya ambayo mkubwa wake alipaswa kujibu maswali Bungeni.

Nyumba zenyewe hazikufungwa. Ziliendelea miaka mingine themanini na zaidi, mpaka mwaka 1930 zilipokabidhiwa mabaraza ya majimbo na miji.