Amri Tano za Kumpunguzia Karani Kazi ya Jioni

Mazungumzo kwa makarani na maafisa wa idara za kaunti, katika mafunzo ya matumizi ya kompyuta ofisini



Chukueni mfano wa kaunti yenye wadi 30. Kila jioni, kila wadi hutuma faili moja ya ushuru wa soko. Kwa siku tano za kazi, hizo ni faili 150. Karani akitumia dakika mbili kuinakili kila moja na kuiweka mahali pake, saa tano za wiki zimekwisha. Akichoka, huruka faili moja au huweka mpya juu ya ya zamani. Siku mkaguzi atakapouliza pesa za wadi fulani, au mama wa sokoni atakapodai kuwa alilipa, rekodi haitaonekana.

Kazi ya kurudiarudia namna hii inaweza kuachiwa kompyuta. Chombo chake ni sheli, yaani programu inayosoma amri zilizoandikwa kwa maneno na kuzitekeleza. Si jambo jipya. Ken Thompson aliandika sheli ya kwanza ya mfumo wa Unix mwaka 1971. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979, na Brian Fox akatoa Bash mwaka 1989. Bash ni ya bure na imo katika kompyuta nyingi za Linux. Wanaotumia Windows wana PowerShell, ambayo amri zake ni tofauti lakini wazo ni lile lile.

Skripti ni orodha ya amri ndani ya faili ya maandishi. Karani wa ushuru anaweza kuandika hii na kuiita nakili.sh:

#!/bin/bash
cd /home/ofisi/ushuru || exit 1
leo=$(date +%F)
mkdir -p "akiba/$leo"
cp -n *.csv "akiba/$leo/"

Mstari wa kwanza unataja sheli itakayotumika. Amri zenyewe ziko kuanzia wa pili, unaoingia kwenye folda ya ushuru. Folda isipopatikana, kazi inasimama hapo hapo. Wa tatu unachukua tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Wa nne unaunda folda ya siku hiyo, na wa tano unanakili faili zote. Alama -n inazuia nakala iliyokwisha kuwekwa isifunikwe na nyingine.

Kabla ya kuitumia, karani huipa faili ruhusa kwa chmod +x nakili.sh, kisha huiendesha kwa ./nakili.sh. Ikishafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, anaweza kuikabidhi kwa cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa. Maandishi 0 17 * * 1-5 mbele ya jina kamili la skripti yana maana ya saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kompyuta iwe imewashwa saa hiyo.

Hata hivyo, kompyuta hutii bila kuuliza. Amri ya rm hufuta faili moja kwa moja bila kuipeleka kwenye pipa la taka. Jina lenye nafasi, kama Soko Kuu, likitumiwa bila alama za kufunga na kufungua, husomwa kama majina mawili. Kwa hiyo anayeanza afanye mambo manne: ajaribie kwenye folda ya mazoezi, atangulize neno echo mbele ya amri ili aone itakachofanya kabla haijafanya, asiandike nywila ndani ya skripti, na nakala nyingine aiweke kwenye diski iliyo nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu mashine ikiibwa, akiba iliyo ndani yake huondoka nayo.

Pale faili zinapobeba majina na nambari za simu za wananchi, nakala zake pia zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zifungiwe, na wanaozifikia wajulikane.

Kila idara ichague kazi moja inayorudiwa kila siku, iandike hatua zake kwa kalamu, kisha izigeuze kuwa amri moja baada ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Saa tano zitakazookolewa ni za mwananchi anayesubiri dirishani.