Taa isione gari peke yake
Maneno yaliyosemwa mbele ya wamotari na wanafunzi



Leo tuzungumze taa za barabarani. Mtu atauliza: barabara zimejaa mashimo, umeme unakatika kila siku, na wewe unatuletea habari ya taa nyekundu? Ndiyo. Juu taa ni serikali ndogo. Inasimama kwenye njia panda na kuamuru: wewe pita, wewe ngoja. Njo maana tunapaswa kuuliza: inamuona nani?

Ulaya na Marekani, taa nyingi hazifuati saa tu. Chini ya lami, mbele ya mstari wa kusimama, mafundi wamezungusha waya wenye kupitisha umeme mdogo. Gari ikisimama hapo juu, chuma chake kinabadilisha nguvu ya sumaku ya ule waya, na sanduku la taa linajua kwamba kuna mtu anangoja. Ile waya haipimi uzito. Hata ubebe watu watatu na gunia la makala, haibadilishi kitu. Inatafuta chuma kipana kilicho karibu na lami. Moto ni nyembamba. Basi taa inaona barabara tupu, na motari anangoja, anangoja, nyekundu haitoki. Wenye kujua wanatafuta alama ya lami iliyokatwa na kusimamisha magurudumu juu yake, pale waya inapopita. Mara nyingine inasaidia, mara nyingine hapana.

Sasa sikieni vizuri. Ile mashine haina chuki na mtu. Kuna fundi aliyeipima. Akiipunguza sana, inaona gari peke yake. Akiiongeza, inaona na moto, lakini inaweza kushika hata gari la mstari wa pembeni. Kwa hiyo ni uchaguzi. Mtu alikaa akachagua nani ahesabiwe.

Wapanda pikipiki wa Marekani hawakunyamaza. Mwaka 2002 jimbo la Minnesota liliweka sheria: mpanda pikipiki akisimama kabisa, taa ikikaa nyekundu kupita kiasi kwa sababu imeharibika au haikumuona, na hakuna mtu wala gari inayokuja, anaweza kujitetea mbele ya tribinali. Majimbo mengine yalifuata. Virginia wameandika hata muda wa kungoja: sekunde 120. Hawakusema kila mtu apite anavyotaka. Walisema: mashine ikikosa kumuona raia, raia asiadhibiwe kwa kosa la mashine.

Na sisi? Kwetu taa ni chache, na umeme ukikatika zinakufa. Lakini miji inakua, na siku moja watakuja na mradi, watakata utepe, watapiga picha. Tusingoje siku hiyo. Toka Bunia mpaka Lubumbashi, moto njo taxi, njo ambulansi, njo kazi ya kijana mwenye licence iliyofungwa ndani ya kabati. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, ni motari anayeamshwa. Akikuta taa iliyogandia kwenye nyekundu, afanye nini? Akipita, amande. Akingoja, mama anazalia barabarani. Na ile amande, wengi wenu mnajua, mara nyingi haina karatasi.

Kodi ya barabara ya kwetu inatokana na sheria ya namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria na wana haki ya kulindwa nayo sawasawa. Haisemi wenye magari.

Msiseme ni ndoto ya wazungu. Mwaka 2013, Kinshasa iliweka maroboti ya kuongoza magari, yaliyotumia nguvu ya jua na yaliyokuwa na kamera. Aliyeyabuni ni mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi. Akili iko hapa. Inakosa ni bakubwa kuuliza swali la kweli mbele ya kununua.

Tunaomba mambo manne. Moja: mbele ya kuweka taa, moto zihesabiwe kwenye kila njia panda. Mbili: taa ijaribiwe na moto mbele ya kupokelewa, na iwe na saa ya kubadilika yenyewe hata kama haioni mtu. Tatu: sheria iseme wazi motari afanye nini mbele ya taa iliyokufa au iliyoganda. Nne: hakuna amande bila karatasi.

Na sisi wenyewe tuna deni. Hatuwezi kudai taa ituone huku tunaruka nyekundu inayofanya kazi, bila kaske, watu wanne juu ya moto moja. Kila motari anayepita hivyo anampa polisi sababu, na mtoto anayevuka barabara njo anayelipa. Tuheshimu taa nzima, ndipo sauti yetu itakuwa na uzito juu ya taa mbovu.

Anayesahauliwa wakati wa kupima, atakumbukwa wakati wa kulipishwa. Tujihesabishe sasa, kwa amani, bila jiwe na bila woga.