Mwacheni Acheze Mwenyewe



Niliombwa niseme juu ya kazi serikalini. Mniwie radhi, kwani tangu asubuhi mawazo yangu yamebaki katika chumba cha kompyuta, ambako vijana wa kidato cha tatu walinionyesha mchezo walioutunga wenyewe, wa kondakta wa daladala anayerudisha chenji. Nilikaa, nikacheza, nikakwama kituo cha pili. Kijana aliyesimama nyuma yangu akasema, "Mzee, bonyeza pale juu." Nikabonyeza. Nikakwama tena, akanielekeza tena. Tulipomaliza wakapiga makofi. Lakini sikumaliza mimi. Alimaliza yeye kwa vidole vyangu.

Katika chuo cha DigiPen, mjini Redmond, Marekani, wanafunzi walitunga mchezo uitwao Narbacular Drop, uliotoka mwaka 2005. Kampuni ya Valve iliuona, ikawaajiri, na wazo lao likazaa mchezo wa Portal, uliotoka mwaka 2007. Mchezaji hufungua milango miwili ukutani. Akiingia huu, hutokea ule. Wazo walikuwa nalo tangu chuoni. Kazi ilikuwa kumfundisha mgeni, basi wakawaita watu wasioujua mchezo, wakawaketisha, wakawatazama.

Katika chumba kimoja mchezaji alipaswa kubeba sanduku moja toka mwanzo hadi mwisho. Watu wakaliacha nyuma, kisha wakakwama mbele. Watunzi hawakuwalaumu. Walilichora mioyo sanduku lile, na ile mashine inayomsimamia mchezaji ikapewa maneno ya kulisema kama rafiki mwaminifu. Watu wakalibeba! Mwishowe mchezaji hulazimishwa kulitupa katika tanuri, na hapo hujifunza jambo atakalolihitaji kumshinda adui wa mwisho.

Mjaribu huonyesha panapouma. Dawa ni juu ya mtunzi. Akiwaambia mwongeze muda, huenda tatizo ni kwamba hakukiona kitufe.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Katika ofisi moja niliyopata kufanyia kazi, niliandika fomu ya maombi. Zikarudi zimejazwa ovyo, nikasema wananchi hawasomi maelezo. Siku moja karani wa dirishani aliugua, nikakaa badala yake. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hapa mnataka jina langu au la marehemu?" Niliusoma mstari ule mara tatu, nisijue. Na niliuandika mimi.

Basi vijana, mashindano yenu ni mwezi ujao. Waiteni kidato cha kwanza, mmoja mmoja, ambao hawajauona mchezo. Mtunzi ashike daftari na afunge mdomo, hata kama moyo unamwuma. Aandike mahali mtoto aliposita, alichobonyeza, na dakika alizokaa pale. Msimwulize kama ameupenda. Tangu lini mdogo wa kidato cha kwanza akamwambia kaka wa kidato cha tatu hapana? Wakikwama watatu mahali pamoja, rekebisheni hapo, kisha mwite wengine wapya, maana wale wa kwanza wamekwisha kujua njia.

Nami nitarudi kabla ya mashindano. Nataka kukivuka kituo cha pili peke yangu, na yule kijana wangu naomba akae upande wa pili wa chumba.