Waliopona Hatuwaoni

Msikilizaji, kila stendi kubwa ya mabasi ina mtu wake. Nywele zimesokotana, nguo zimemchakalia mwilini, anagombana kwa sauti na mtu ambaye sisi hatumwoni. Makondakta wanamjua kwa jina. Watoto wanamtupia mawe. Mama ntilie mwenye huruma humpa sahani ya wali jioni. Kwa wengi wetu huyo ndiye sura ya ugonjwa wa akili. Ndiyo maana kijana wa nyumbani anapoanza kusikia sauti, au kudai kwamba majirani wanamtilia sumu kwenye chakula, mawazo yetu hukimbilia stendi. Tunanong'onezana: huyu basi tena, ameshaharibika.

Hukumu hiyo si ya kweli. Tena inawaumiza watu ambao wangeweza kupona.

Hebu tujiulize ni nani tunayemwona na ni nani hatumwoni. Aliyezidiwa tunamwona kila siku, maana yuko barabarani. Lakini fundi cherehani aliyewahi kulazwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ujanani, akatibiwa, akarudi, na leo anashona sare za shule na kulipa ada ya wanawe, huyo hatumtambui. Mwenyewe hatasema. Akisema, wateja watapungua, mwenye nyumba atambadilikia, wachumba wa binti yake watakimbia. Kwa hiyo ananyamaza. Na kila anayenyamaza anatuachia ile picha ya stendi peke yake.

Madaktari nao waliwahi kuangukia humohumo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliukusanya katika fungu moja ugonjwa huu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, ambao leo tunauita skizofrenia, na alama yake kubwa ilikuwa mwisho wake: akili ya kijana kuporomoka na kutorudi. Mawazo yake yalijengwa juu ya wagonjwa wa hospitali, na hospitalini anayebaki, au anayerudi mara kwa mara, ni yule aliyelemewa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, waliliandikia jambo hili waziwazi. Walionyesha kwamba daktari huona zaidi wagonjwa ambao ugonjwa wao ni mrefu na mzito, kisha hudhani wote wako hivyo. Aliyepata nafuu haji tena kliniki kumwambia daktari kwamba amepata kazi.

Dawa ya kosa hilo ni kuwafuata watu walewale kwa miaka mingi, popote walipo. Na kuna waliofanya hivyo.

Manfred Bleuler alikulia katika hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, ambako baba yake, Eugen Bleuler, alikuwa mkuu. Ni baba huyo aliyeupa ugonjwa jina la skizofrenia mwaka 1908. Mwana naye akawa daktari hapohapo, akawafuatilia wagonjwa 208 kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1972 akachapisha alichokiona. Kwa wastani, ugonjwa haukuendelea kuporomoka baada ya miaka mitano ya mwanzo. Wengi walitulia pale walipofika, na wapo waliozidi kupata nafuu hata baada ya miongo. Huyu hakuwa mgeni aliyepita na daftari. Aliwajua wagonjwa wake wakizeeka naye.

Utafiti unaostahili kusimuliwa kila kijiji ni wa jimbo la Vermont, Marekani. Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali ya akili ya jimbo hilo, walikuwamo watu waliohesabiwa kuwa wameshindikana, wale wa wodi za nyuma, waliokuwa wakiugua kwa miaka mingi. Dawa ya klopromazini ilikuwa imeanza kutumika, lakini kwa hawa haikutosha kuwafungulia mlango. Daktari George Brooks na wenzake wakaandaa mpango wa kuwarudisha uraiani: nyumba za kuanzia, kazi, watu wa kuwatembelea na kuwasaidia walipokwama. Waliopita katika mpango huo na kufuatiliwa walikuwa 269.

Miaka ilipita. Mtafiti Courtenay Harding, ambaye kabla ya hapo alikuwa muuguzi, akaongoza kazi ya kuwatafuta mmoja mmoja, na karibu wote wakajulikana walipo au walivyofariki. Matokeo yalitoka mwaka 1987. Kati ya nusu na theluthi mbili ya watu hao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Hawa ndio waliokuwa wameandikiwa kufia wodini! Wengine walikuwa bado na dalili, sauti zikija na kuondoka, lakini waliishi kwao, walikuwa na marafiki, walijishughulisha. Kupona kwa namna hiyo nako ni kupona.

Kisha watafiti wakaulizwa swali la haki: je, wagonjwa hao wasingepona tu wenyewe kwa kupita kwa miaka? Watafiti wakaenda jimbo la jirani, Maine, wakachukua wagonjwa wengine 269 wanaolingana na wale kwa umri, jinsia, aina ya ugonjwa na muda waliokaa hospitali. Tofauti ilikuwa kwamba Maine haikuwa na mpango kama ule wa Vermont. Mwaka 1995 majibu yalichapishwa: watu wa Vermont walikuwa na dalili chache zaidi, na wengi zaidi walikuwa wakifanya kazi na kujimudu. Yaani ugonjwa ni mmoja, nchi ni moja, lakini miaka thelathini baadaye maisha yametofautiana. Kilichofanywa baada ya mgonjwa kutoka hospitali kilikuwa na uzito mkubwa.

Sasa turudi upande wetu wa dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani lilianza kuwafuatilia wagonjwa katika miji ya nchi tisa, ikiwamo Ibadan ya Nigeria na Agra ya India pamoja na London, Moscow na Washington. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, wagonjwa wa Ibadan na Agra kwa jumla walikuwa na hali nzuri kuliko wa miji ya nchi tajiri. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Wengi wametaja familia: mgonjwa hakubaki peke yake, na shambani au sokoni hakukosa cha kufanya.

Katika hili, Zanzibar inatusaidia kuelewa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Juli McGruder, alikaa na familia za wagonjwa visiwani humo katika miaka ya 1990. Alikuta nyumba ambamo ugonjwa ulielezwa kuwa ni kazi ya mashetani. Mgonjwa alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na dawa za hospitali akapewa vilevile. Maelezo ya mashetani si lazima tuyakubali ili tuone jambo moja jema lililokuwamo: mgonjwa hakulaumiwa. Hali ikitulia, alirudishiwa nafasi yake na kazi zake bila maneno mengi.

Jambo hilo limepimwa kwingine. Mjini London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali kurudi kwa jamaa zao. Katika matokeo yao ya mwaka 1972, miongoni mwa waliorudi kwenye nyumba za kukaripiwa, kulaumiwa au kugandwa kupita kiasi, asilimia 58 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi tisa. Kwenye nyumba tulivu ilikuwa asilimia 16. Ulimi wa nyumbani hauleti skizofrenia, na mzazi yeyote anayenisikiliza asijibebeshe mzigo huo. Lakini ulimi huo unaweza kumtuliza mgonjwa au kumrudisha wodini.

Tusije tukajisifu tukasahau upande wa pili. Huko Butajira, vijijini Ethiopia, watafiti waliwafuatilia watu 919 wenye magonjwa mazito ya akili kwa miaka kumi. Zaidi ya mmoja katika kila kumi alifariki, na waliofariki waliondoka takriban miongo mitatu kabla ya wakati wao. Karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na maambukizi, magonjwa ambayo zahanati inayatibu kila siku. Kwa hiyo familia peke yake haitoshi. Familia isiyo na dawa, isiyo na nauli na isiyo na mtu wa kuiuliza huishia kununua mnyororo. Tumewaona watu waliofungwa kwenye mti kwa miaka, na mara nyingi aliyewafunga ni mama aliyekosa njia nyingine.

Dawa ni lazima nizitaje wazi. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha majaribio 65 ya dawa za skizofrenia duniani. Ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu 27 katika kila 100 waliokuwa wakiendelea na dawa, na 64 katika kila 100 walioachishwa. Kwa nini basi watu wetu huacha? Wengine huacha kwa sababu wanajisikia wazima. Wengine dawa zinawakakamaza shingo, zinawatetemesha mikono, zinawalaza mchana kutwa, na hakuna aliyewaambia kwamba dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Wengine wameambiwa kwenye maombi kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Na wengine wamekwenda kliniki, wakaambiwa sindano ya mwezi imekwisha, waje mwezi ujao. Kwa mgonjwa wa saikosisi, yaani hali hii ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, mwezi huo mmoja unaweza kubomoa kazi ya miaka.

Miaka ya mwanzo ya ugonjwa ndiyo yenye hatari kubwa, na ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuokoa. Kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba, ndivyo inavyokuwa vigumu kumrudisha mtu alipokuwa. Familia inayozunguka mwaka mzima ikificha, ikihama kutoka kwa mganga mmoja kwenda kwa mwingine, inatumia muda ambao ni wa thamani kuliko fedha inazotoa.

Hatuanzi na mikono mitupu. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na elimu iliyokusanyika pale ni kubwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanzania ilianzisha vijiji ambamo wagonjwa waliotulia walilima na kujifunza kujitegemea kabla ya kurudi makwao, kama Hombolo karibu na Dodoma, na Vikuruti jijini Dar es Salaam. Wazee wetu waliokuwa na fedha kidogo kuliko sisi walikwisha kuelewa kwamba mgonjwa anahitaji kidonge na anahitaji jembe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa serikali na halmashauri: dawa za akili zisikosekane kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya, na awepo muuguzi atakayeuliza kwa nini fulani hakuja mwezi huu. Mgonjwa asilazimike kupanda mabasi mawili kufuata sindano moja.

Kwa waajiri na viongozi wa vyuo: kijana aliyeugua akapata nafuu arudishiwe nafasi yake. Aanze taratibu, apewe kazi nyepesi ikibidi, lakini arudi. Vermont ilifanya hivyo kwa watu waliokuwa wodini miaka na miaka, na wengi wao walifaulu.

Na kwako wewe mzazi, kaka, dada, mke au mume, ambaye mgonjwa wako yuko chumba cha pili wakati huu unaponisikiliza. Mpeleke hospitali mapema, wala usingoje hadi avunje milango. Zungumza naye kwa upole hata anaposema yasiyoeleweka. Simamia dawa zake, na zikimsumbua, mrudishe kwa daktari badala ya kuziacha. Shamba lake usiligawe, vyeti vyake usivichome, nafasi yake mezani usiiondoe. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu mmoja katika kila watatu wenye skizofrenia ataweza kupona kabisa, na wengi zaidi ya hao huishi maisha yenye manufaa wakipata matunzo. Mgonjwa wako anaweza kuwa mmoja wao. Usimhukumu kwa mwaka wake mbaya kuliko yote.