Mama wa Mang'ola Aliniuliza Nilipimia Nini

Wahitimu wa afya ya mifugo, hongereni sana.

Nilipokuwa na umri wenu, miezi michache tu kazini, nilichukua damu ya ng'ombe 11 wa mama mmoja kule Mang'ola, bonde la Eyasi. Walikuwa wamekonda ilhali majani yapo. Wawili walikuwa na uvimbe chini ya taya, ule unaobonyea ukiugusa kwa kidole. Ninyi mmeshafundishwa: hapo unashuku minyoo ya ini, Fasciola gigantica.

Wazazi wangu, naomba niwaeleze ninyi ambao hamkukaa darasani. Mnyoo huyu ni bapa kama jani, na akikomaa hufikia hata sentimita 7. Hukaa kwenye mifereji ya nyongo ndani ya ini. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakiangukia majini huanguliwa, kitoto humwingia konokono wa maji baridi na kuzaliana humo, kisha vizazi vyake hutoka na kujibandika kwenye majani ya ukingoni, vikimngoja ng'ombe, mbuzi au kondoo aje kula. Sasa itazameni Mang'ola: chemchemi zinazolishwa na milima ya Ngorongoro, mifereji ya kumwagilia vitunguu, na mifugo inayokunywa humo humo kiangazi kikikaza. Mfereji uleule unaosomesha watoto wetu ndio unaomlea konokono.

Mnyoo akiwa ndani ya ini huachia protini zake, nyingi zikiwa vimeng'enya anavyotumia kulia. Mwili wa ng'ombe huzitambua kuwa ni za mgeni na kutengeneza kingamwili za kupambana nazo. Protini hizo za mgeni ndizo tunazoziita antijeni. Kipimo cha ELISA, ambacho watafiti wa Ulaya walikitangaza mwaka 1971, hutumia ugomvi huo: unabandika antijeni kwenye vishimo 96 vya sahani ya plastiki, unatia majimaji ya damu ya ng'ombe, na kama kingamwili zipo zitaishika antijeni, na mwishoni rangi itatokea.

Antijeni niliitengeneza mwenyewe. Nilikwenda machinjioni alfajiri, nikapewa ini lililokataliwa na mkaguzi wa nyama, nikapasua mifereji na kuwatoa minyoo wakiwa hai. Nikawaosha, nikawaweka kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, nyuzi 37. Humo wakatapika majimaji ya kahawia iliyoiva, na antijeni zimo ndani yake. Ilibaki hatua moja: kupima mna protini kiasi gani, ili nijue niyachanganye vipi kabla ya kuyabandika kwenye sahani.

Taa ya spektrofotomita, mashine ya kupimia protini kwa mwanga, ilikuwa imeungua, na gari la kwenda Mang'ola lilikuwa linaondoka Ijumaa. Niliinua tyubu dirishani, nikaona rangi imekolea, nikakisia. Wahitimu, kilichokolea kilikuwa damu iliyoliwa na minyoo. Protini niliyoihitaji ilikuwa kidogo mno. Vishimo vyote vikatoka hafifu. Hata kishimo cha ng'ombe tuliyemjua kwa hakika kuwa anaumwa, kile cha kujihakikishia, kilikuwa hafifu. Nilikiona kwa macho yangu haya. Nikaandika: hakuna maambukizi.

Yule mama aliniamini. Hakuwanywesha ng'ombe wake dawa. Miezi miwili baadaye alichinja dume kwa ajili ya msiba, na kisu kilipopita kwenye ini kikakwaruza mifereji iliyonenepa kama mirija, minyoo ikachuruzika. Aliyenipa habari ni mwanawe. Nilipanda gari kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta shambani anafunga vitunguu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulipimia nini?"

Swali hilo kwa mkulima wa vitunguu lina uzito wake. Kule wanaijua lumbesa: gunia linalojazwa hadi kufungwa kilemba juu, mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado tunaiona barabarani. Mama yule alishaibiwa na vipimo miaka mingi, na sasa alikuwa ameibiwa na mimi, mtu mwenye koti jeupe, niliyekuja na sindano na kuchukua damu ya mali yake kwa idhini yake.

Kwa hiyo leo nawaomba jambo moja: msikisie protini. Njia rahisi mnaijua, ile aliyoichapisha Marion Bradford mwaka 1976. Rangi yake, Coomassie, inatuhusu kuliko tunavyofikiri: jina hilo lilitokana na mji wa Kumasi, Ghana, likapewa rangi za kutia sufu mwishoni mwa karne ya 19, wakati Waingereza wakipigana na Waashanti. Ikikutana na protini hugeuka kutoka kahawia kuwa buluu. Unapanga tyubu za albumini ya damu ya ng'ombe ambayo kiasi chake unakijua, unasoma mwanga kwenye nanomita 595, unachora mstari, halafu unatafuta sampuli yako imeangukia wapi juu ya mstari huo. Ikiwa buluu yake imepita tyubu yako kali kuliko zote, izimue upime tena, usiurefushe mstari kwa rula. Na suuzeni tyubu vizuri jamani, kwa sababu sabuni kidogo tu iliyobaki huigeuza rangi hiyo kuwa buluu, ukaandika protini ambayo haipo.

Mtakaopangiwa Endulen, Nainokanoka au Olbalbal, huko mfugaji hutembea na ng'ombe wake kutwa nzima kufuata maji, na huwezi kumwambia arudi kesho. Mkitegemea mayai kwenye kinyesi mtachelewa: huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hivi au zaidi, na wakati huo minyoo midogo imeshalitoboa ini njia nzima. Antijeni ndani ya kinyesi huonekana wiki kadhaa kabla ya mayai. Tena kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu hata minyoo ikifa, lakini antijeni ya kinyesi hutoweka. Hiyo ndiyo inayojibu swali ambalo mtaulizwa kila mnada: dawa niliyonunua imefanya kazi? Mara nyingi mtakuta mfugaji alinunua albendazole, akampa ng'ombe kiasi cha minyoo ya kawaida, ambacho hakiitoshi minyoo ya ini. Na hata akimpa kiasi kamili, inaua iliyokomaa tu. Michanga inahitaji triclabendazole. Mwelezeni taratibu, kwa lugha yake kama mnaijua. Ng'ombe yule ni ada ya shule na mahari.

Nilirudi Mang'ola mara ya tatu, baada ya taa mpya kupatikana na protini kupimwa. Kati ya ng'ombe 10 waliobaki, 7 walikuwa na maambukizi. Mama aliniomba nimsomee namba moja moja, majirani wakiwa wamekaa kwenye magunia wanasikiliza, na kila nilipotaja ng'ombe alimtaja kwa jina lake kabla sijaendelea.

Kiangazi kinakuja, na mifugo itaanza kubanana kwenye maji. Mnapokwenda kuchukua sampuli bebeni barafu ya kutosha, kwa sababu sampuli huharibika joto likipanda, na toka Endulen hadi maabara Arusha ni safari ndefu. Andikeni jina la mwenye ng'ombe kwenye kila tyubu pamoja na namba yake.