KICHAA CHA MBWA: TUWAHESABU WALIOUMWA

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari mbele ya maafisa wa afya na mifugo, Bariadi, Mkoa wa Simiyu

 

Awali ya yote nawashukuru wenyeji wetu wa Bariadi kwa kutupokea sisi tuliotoka visiwani. Nimetakiwa nizungumzie maradhi ambayo mtumishi wa hospitali aweza kumaliza miaka kazini bila ya kumwona mgonjwa wake hata mmoja, nayo ni kichaa cha mbwa. Kwa hiyo huitwa maradhi adimu. Nauliza: adimu kwa hesabu ya nani?

Katika miaka ya 1990, vifo vilivyoripotiwa rasmi nchini Tanzania vilikuwa wastani wa kama 11 kwa mwaka. Mwaka 2002 watafiti walichapisha hesabu ya namna nyengine. Wao walianza na walioumwa na mbwa, katika Mkoa wa Mara, jirani zenu wa kaskazini. Waliuliza mbwa alionesha dalili gani, jeraha li kichwani au mguuni, na majeruhi alipata chanjo au hakupata. Kutokana na hayo walikadiria vifo 1,499 kwa mwaka nchi nzima. Yaani kwa kila kifo kilichoandikwa, zaidi ya mia moja havikuandikwa.

Vilipotelea wapi? Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, dawa ya kumponya haipo. Hurudishwa nyumbani, au haletwi kabisa, akafia huko. Wengine hudhaniwa wana malaria iliyopanda kichwani, wengine wamerogwa. Uthibitisho wa maabara nao huhitaji kipande cha ubongo, na si jepesi kumwomba hilo mzazi aliyefiwa. Mbwa mwenyewe huwa ameshapigwa akafukiwa siku ile ile.

Mkoa huu, ulioundwa mwaka 2012, unapakana na Hifadhi ya Serengeti, na mfugaji wa hapa hulinda zizi lake kwa mbwa. Kwetu Pemba nyumba nyingi hazina mbwa hata mmoja, na baadhi yetu tuliwahi kudhani bahari inatosha kutukinga. Haikutosha. Kampeni ya kuchanja mbwa ilianza kisiwani mwaka 2010, maradhi yakatoweka mwaka 2014, yakarudi mwaka 2016, na yakatokomezwa tena mwaka 2018. Mwenendo huo ulijulikana kwa sababu walioumwa walifuatwa hadi majumbani mwao. Ipo sifuri ya aliyetafuta asione, na ipo sifuri ya asiyetafuta. Katika jedwali la Wizara zote mbili huandikwa sawasawa.

Basi mtu akifika kituoni ameumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, na chanjo ianze bila ya kusubiri habari za mbwa. Halafu daftari liseme kijiji gani, mbwa wa nani, na yuko wapi sasa. Kuandika "ameumwa na mbwa" peke yake hakumsaidii Afisa Mifugo. Yeye apelekewe habari siku hiyo hiyo, aende. Mbwa akiwa hai na mzima baada ya siku 10, hakuwa na uambukizo alipouma. Akiwa amekufa au ametoweka, aulize ni nani wengine aliowauma, maana mara nyingi huwa wapo, na hao hawajafika kituoni.

Nimeambiwa mmekuja na madaftari yenu. Naomba tuyafungue penye majeruhi wa mwezi uliopita.